Mbwa Aliyevamiwa na Nyuki: Cha Kufanya Kuanzia Dakika ya Kwanza Hadi Wiki ya Pili

Kosa linalojirudia ni lile lile. Nyuki wamemvamia mbwa mchana, mwenye mbwa amempa Piriton (dawa ya mzio) na bakuli la maziwa, jioni mbwa amesimama, amekunywa maji, nyumba nzima imeshusha pumzi. Kesho yake anakojoa mkojo wa rangi ya chai kavu. Keshokutwa hakojoi kabisa. Anafikishwa kwa daktari siku ya nne, figo zikiwa zimeshaharibika.

Nyuki mmoja puani ni habari ya uvimbe na mzio. Nyuki mia ni sumu iliyoingia kwenye damu, na sumu hiyo haina haraka. Mbwa asihukumiwe kwa alivyo saa moja baada ya kuumwa, wala kwa alivyoamka asubuhi. Kinachotoa hukumu ni mkojo na damu yake kwa siku tatu za mwanzo. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata ukweli huo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla

Hivi vikae pamoja kwenye ndoo moja yenye mfuniko, karibu na mlango wa nyuma:

- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, angalau nusu lita. Ya unga haiyeyuki upesi.
- Kofia yenye ukingo mpana na kipande cha chandarua cha kufunika kichwa hadi mabegani.
- Mabuti ya mvua, glovu nene za mpira, na shati la mikono mirefu la rangi nyeupe au hafifu. Nyuki huvamia zaidi rangi nyeusi na vitu vyenye manyoya.
- Mpira wa maji unaofika hadi kwenye banda la mbwa.
- Shuka kuukuu na taulo mbili.
- Kadi ya benki iliyokwisha muda na kitana chenye meno ya karibu karibu.
- Kipimajoto cha kidijitali, cha mbwa peke yake.
- Piriton ya vidonge vya mg 4, yenye kiambato kimoja tu (klorofeniramini).
- Kopo jeupe la plastiki la kukingia mkojo, tochi, daftari na kalamu.
- Karatasi yenye namba za madaktari wa mifugo wawili, namba ya afisa mifugo wa kata yako, namba ya dereva mwenye gari au bajaji asiyeogopa mbwa, na 114, ambayo ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Andika pia uzito wa mbwa kwenye karatasi hiyo. Panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Mbwa mkubwa asiyebebeka apelekwe kwenye mizani ya duka la nafaka. Kila dozi na kila hesabu inayofuata inategemea namba hiyo, na siku ya nyuki hakuna atakayepata nafasi ya kupima.

## Hatua ya 1: Mtoe mbwa bila kuongeza majeruhi

Ingiza watoto na wageni ndani, funga milango na madirisha, mtu mmoja apige 114. Wewe vaa kwanza. Sekunde 40 za kuvaa chandarua na mabuti zina faida kuliko kukimbilia banda na kaptura, ukaumwa usoni, ukageuka wewe ndiye wa kuokolewa.

Mbwa wa Dar es Salaam ana shida yake. Wengi hufungwa mchana kwa mnyororo au hufungiwa bandani, wakafunguliwa usiku kulinda. Mbwa aliye huru hukimbia akapunguza idadi ya miiba. Aliyefungwa huumwa mpaka nyuki wachoke. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumfungulia, hata kama bado hujui utampeleka wapi.

Huna mavazi? Simama ndani, fungua mpira wa maji kwa nguvu yote kupitia dirishani, mwelekezee mbwa na hewa iliyo juu yake. Maji hayawaui nyuki lakini yanawapunguzia kuruka.

Mbwa akishakuwa huru, mwite mlangoni na umwingize kwenye chumba kimoja chenye sakafu ya saruji. Bafu au choo cha nje chenye mlango wa kufungika kinafaa sana. Funga mlango. Nyuki watakaoingia naye watakuwa wachache kulinganisha na walioko nje, na hao unawaweza.

Usifanye haya:

- Usimmwagie mbwa mafuta ya taa. Yanaunguza ngozi, na atayalamba.
- Usiwashe moto wa matairi au makuti ukiwa na mbwa karibu. Mbwa ambaye koo limeanza kuvimba hahitaji moshi.
- Usimpulizie dawa ya mbu usoni.
- Usiwapige nyuki wakiwa juu ya mwili wake. Nyuki aliyepondwa na mwiba ulioachwa kwenye ngozi hutoa harufu ya kuwaita wenzake. Ukiwa karibu utaisikia: inafanana na ndizi mbivu sana.

Umefanikiwa ikiwa mbwa yuko ndani ya chumba kilichofungwa na mngurumo wa nyuki umebaki nje.

## Hatua ya 2: Waue waliobaki kwenye manyoya

Nyuki aliyenasa kwenye manyoya hatoki, anaendelea kutafuta ngozi. Hapa ndipo sabuni inapofanya kazi.

Changanya kikombe cha chai kimoja (ml 250) cha sabuni ya maji kwenye ndoo ya lita 20. Mmwagie mbwa polepole kuanzia shingoni kwenda mkiani, kisha tumbo na makwapa. Kichwani tumia taulo lililolowa, ukipangusa kutoka juu ya macho kwenda nyuma ya masikio, ili sabuni isiingie machoni wala puani.

Maji matupu humteleza nyuki kwa sababu ya nta iliyo juu ya mwili wake. Sabuni huyafanya maji yaenee na kuingia kwenye vitundu vya pembeni ambavyo nyuki hupumulia, akafa ndani ya muda mfupi. Ndiyo maana ndoo moja yenye sabuni inashinda ndoo tano zisizo nayo.

Baada ya dakika mbili suuza kwa maji safi mpaka povu liishe. Unaondoa sabuni, na unaondoa ile harufu ya ndizi. Fungua midomo yake uangalie ndani ya mashavu na chini ya ulimi, maana mbwa huwang'ata nyuki na kuumwa humo humo. Angalia pia ndani ya masikio.

Maji yawe ya kawaida ya bomba. Usitumie barafu mwili mzima: mbwa aliyeanza kuishiwa nguvu za damu hupoa upesi, na ubaridi unamzidishia mshtuko, yaani damu kutozunguka vya kutosha.

## Hatua ya 3: Miiba, na hesabu inayoamua kila kitu

Pasua manyoya kwa vidole chini ya tochi. Utaona kitu cheusi chembamba kimesimama kwenye ngozi, na juu yake kifuko cheupe kidogo kuliko punje ya ufuta. Mwiba ukiwa mpya, kifuko hicho bado kinapigapiga chenyewe. Kinasukuma sumu ingawa nyuki mwenyewe ameshakufa.

Kwangua kwa kadi au ng'oa kwa kucha, vyovyote vile. Ugomvi wa zamani kwamba kubana kunaongeza sumu usikupotezee muda, kwani kinachohesabika ni wepesi. Karibu sumu yote ya mwiba huwa imeingia ndani ya dakika moja hivi.

Kuna kosa moja kubwa linatokana na hapo. Watu hukaa saa nzima wakimtoa mbwa mwiba mmoja mmoja, wakidhani wanatoa sumu. Baada ya dakika ya kwanza, unachotoa ni uchafu tu. Tumia dakika tano, zaidi usoni, midomoni na kwenye kope, kisha endelea na hatua inayofuata. Iliyobaki itatolewa kliniki au njiani.

Katika dakika hizo tano, hesabu. Weka kiganja mgongoni, hesabu miiba iliyo chini yake, fanya hivyo ubavuni, kichwani na tumboni, kisha kadiria viganja vingapi vinafunika mwili mzima. Ongeza nyuki waliokufa sakafuni. Hesabu haitakuwa sahihi kabisa, na haihitaji kuwa hivyo.

Makadirio yanayotumiwa na madaktari wa wanyama ni kwamba miiba 20 hivi kwa kila kilo ya uzito inatosha kuua. Kwa mbwa wa kilo 5 ni miiba 100. Kwa mbwa wa kienyeji wa kilo 15 ni 300. Kwa mbwa mkubwa wa ulinzi wa kilo 30 ni 600, idadi ambayo mzinga mmoja uliokasirika unaitoa bila shida. Mbwa mdogo, mzee, mwenye mimba, au mwenye ugonjwa wa moyo au figo hufa kwa miiba michache kuliko hiyo.

Usisubiri ipite robo ya hesabu hiyo. Kanuni yetu: miiba 5 kwa kila kilo, au zaidi, ni safari ya kliniki hata kama mbwa anatikisa mkia. Ukishindwa kuhesabu kwa wingi wake, jibu umeshalipata.

Sababu ni hii. Nusu ya uzito wa sumu kavu ya nyuki ni melitini, ambayo hutoboa kuta za chembe hai. Fosfolipasi, kiambato kingine cha sumu hiyo, inamalizia kuzivunja. Chembe nyekundu za damu zinapasuka na rangi yake nyekundu inamwagika kwenye damu. Nyama ya misuli nayo inavunjika na kutoa rangi yake. Rangi zote mbili zinapita kwenye figo, zinaziba mirija yake midogo na kuiunguza, wakati huo huo presha ya damu iko chini na figo hazipati damu ya kutosha. Hakuna dawa ya kuipinga sumu hii kama ilivyo kwa baadhi ya nyoka. Tiba iliyopo ni kuulinda mwili mpaka sumu ipite, na sehemu kubwa ya ulinzi huo ni maji ya dripu.

## Hatua ya 4: Usome mwili kwa dakika tatu

Andika saa, kisha vitu vinne.

Fizi. Inua mdomo. Fizi za mbwa mzima ni za waridi na zina majimaji. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, achia: rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Ikichelewa, au fizi zikiwa nyeupe, za kijivu au za buluu, damu haizunguki vizuri. Kwa mbwa mwenye fizi nyeusi kwa asili, vuta chini kope la jicho uangalie utando wa ndani.

Pumzi. Kuhema kwa joto la Dar ni kawaida. Kukoroma, kuvuta hewa kwa shingo iliyonyooka au ulimi kuvimba si kawaida.

Mapigo. Weka vidole viwili ndani ya paja, juu karibu na kinena. Mapigo membamba yanayokimbia, au yasiyopatikana, ni hatari.

Tumbo. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Mzio mkali wa binadamu tunaujua kwa kubanwa kifua na vipele. Wa mbwa hupiga zaidi ini na utumbo: anatapika ghafla, anaharisha, mara nyingine damu, kisha miguu ya nyuma inalegea na anaanguka. Uso unaweza usivimbe hata kidogo. Kutapika ndani ya nusu saa baada ya kuumwa usikuite "ametoa sumu". Sumu haiko tumboni.

Ukiona lolote kati ya haya, ruka hatua ya 5, nenda garini: kuanguka, fizi nyeupe, kukoroma, kutapika zaidi ya mara moja, kuharisha damu, kutetemeka au degedege, kuyumba kama mlevi.

## Hatua ya 5: Dawa ya nyumbani, na mipaka yake

Piriton inatuliza mzio. Haizuii melitini kupasua damu. Mpe tu kama yuko macho, anameza vizuri na hatapiki: nusu kidonge (mg 2) kwa mbwa wa kilo 5 hadi 10, kidonge kimoja (mg 4) kwa kilo 10 hadi 25, viwili (mg 8) kwa zaidi ya hapo. Chini ya kilo 5 muulize daktari kwanza. Andika saa uliyompa. Baada ya hapo usijisifu kwamba umemtibu. Umemtuliza, basi.

Soma kasha. Dawa nyingi za mafua zina klorofeniramini pamoja na parasetamoli au dawa ya kuzibua pua, na hizo zinaweza kumuua mbwa peke yake bila msaada wa nyuki. Sirapu zisizo na sukari ziache kabisa: baadhi zina zailitoli, kitamu cha badala ya sukari ambacho ni sumu kwa mbwa.

Usimpe diklofenaki, ibuprofeni, aspirini wala Panadol. Maumivu anayo, ndiyo, lakini dawa hizi ama zinabana damu ya figo ama zinaumiza ini na damu, na viungo hivyo ndivyo unavyopigania.

Na maziwa? Maziwa, mayai mabichi na mkaa watu huvitoa kwa kila sumu. Hapa havina kazi, kwa kuwa sumu haikupita mdomoni. Mbwa aliyelegea akinyweshwa maziwa kwa nguvu huyavuta mapafuni, ukawa umemwongezea nimonia juu ya nyuki.

## Hatua ya 6: Safari

Piga simu kliniki kabla hujawasha gari. Sema maneno manne: mbwa wa kilo ngapi, miiba mingapi, ilikuwa saa ngapi, ana hali gani. Uliza: "Mna dripu ya Ringer na kanula sasa hivi? Mnaweza kumlaza usiku?" Ringer ni maji ya dripu yenye chumvi za mwili, na kanula ni mrija mwembamba wa kuyapitisha kwenye mshipa. Jibu likiwa hapana kwa lolote, piga namba ya pili.

Jioni usitegemee Barabara ya Bagamoyo wala Mandela kukuhurumia. Kama kliniki iko mbali kwa saa moja na kuna daktari wa karibu au afisa mifugo anayeweza kuweka kanula na kuanzisha dripu nyumbani, aanze huyo, kisha mbwa asafiri na dripu ikining'inia. Aliye Kigamboni apite darajani, asikae kwenye foleni ya pantoni.

Mlaze ubavu, shingo imenyooka, ulimi umetolewa nje pembeni ya meno. Madirisha wazi au kipoozi kimewashwa. Usimfunge mdomo kamba: mbwa anayetapika huku mdomo umefungwa hupaliwa. Ukihofia kung'atwa, mviringishe kwenye shuka huku kichwa kikiwa nje. Kwenye kirikuu (pikapu ndogo) ya wazi, mtu akae naye nyuma amkinge na jua.

## Hatua ya 7: Kliniki, na maswali ambayo una haki ya kuuliza

Sehemu hii tunaiandika kwa urefu kwa sababu mbwa wengi wanaofika kwa daktari hupata sindano mbili na kurudishwa nyumbani.

Adrenalini. Ikiwa ameanguka kwa mzio, hii ndiyo ya kwanza: mg 0.01 kwa kilo, kwenye msuli wa paja. Mbwa wa kilo 20 anapata mg 0.2, yaani ml 0.2 ya ile ya mg 1 kwa ml. Deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, haichukui nafasi yake, kwani inachelewa kufanya kazi na haiipingi sumu.

Dripu. Mbwa aliye kwenye mshtuko huanzishiwa ml 10 hadi 20 kwa kilo ndani ya dakika 15 hivi, kisha anapimwa tena fizi na mapigo, na kurudiwa ikihitajika. Kwa kilo 20 ni ml 200 hadi 400 kwa mkupuo. Baada ya kutulia, matumizi ya kawaida tu ya mwili ni karibu ml 50 hadi 60 kwa kilo kwa siku, kabla hujahesabu alichotapika na kuharisha. Mbwa wa kilo 30 basi anahitaji angalau lita moja na nusu, chupa tatu za nusu lita, kwa saa 24. Chupa moja iliyopita kwa saa mbili, kisha "mrudishe kesho", ni kidogo mno.

Mkojo. Lengo ni ml 1 hadi 2 kwa kilo kwa saa. Kwa kilo 20, ml 20 hadi 40 kila saa. Mkojo ukiwa mdogo ingawa maji yanaingia, daktari inabidi apunguze mwendo na kutazama mapafu, maana maji yasiyotoka hujaa kifuani. Hii ndiyo sababu dripu ya siku nzima haifai kuachwa nyumbani bila mtu anayejua kuisimamia.

Vipimo. Siku ya kwanza na kila siku kwa siku tatu: wingi wa chembe nyekundu, damu kwenye slaidi, kriatinini na urea (vipimo vya figo), vipimo vya ini, na mkojo. Kriatinini nzuri siku ya kwanza haimaanishi figo zimepona, ni ya kulinganishia kesho. Chembe nyekundu zikishuka sana na mbwa akawa dhaifu, uulizie damu ya kuongezewa kutoka kwa mbwa mwingine mzima.

Mueleze daktari habari ya nyuki hata kama miiba haionekani tena. Katika mji huu mkojo mwekundu wa mbwa hufikiriwa kwanza kuwa ugonjwa wa kupe, na mbwa anaweza kuchomwa dawa ya kupe ilhali nyuki ndio chanzo. Slaidi ya damu inaweza kutenganisha mambo hayo, na mbwa mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

Maumivu na kutapika. Zipo dawa za maumivu zisizoumiza figo, jamii ya morfini na tramadoli, na zipo sindano za kuzuia kutapika. Ziombe.

Antibiotiki. Miiba yenyewe haihitaji antibiotiki. Gentamaisini hasa ikataliwe, kwa kuwa inaumiza figo. Kuuliza "hii ni salama kwa figo?" kabla ya kila sindano si utovu wa adabu.

Umefanikiwa ikiwa fizi ni za waridi, joto liko kati ya 38 na 39.2, hatapiki, na mkojo unatoka mwingi ukizidi kuwa mweupe. Mbwa aliyeumwa vibaya akae chini ya uangalizi saa 24 hadi 72.

## Hatua ya 8: Nyumbani, kopo jeupe mkononi

Kwa siku tatu kila mkojo uonekane. Mtoe akiwa na kamba, kinga kwa kopo jeupe, tazama kwenye mwanga wa jua. Njano hafifu ni vizuri. Rangi ya chai kavu, kahawa au kokakola ni kurudi kliniki siku hiyo hiyo. Saa 12 bila mkojo ni kurudi sasa hivi, usiku au mchana.

Andika daftarini asubuhi na jioni: joto, rangi ya fizi, rangi ya mkojo, ametapika au la, amekula nini. Weupe wa macho ukigeuka manjano, damu inavunjika au ini limeumia.

Chakula kiwe laini na kidogo kidogo: wali na kuku aliyechemshwa bila chumvi. Marufuku kubwa ni vitunguu, vya maji na vya saumu. Vitunguu hupasua chembe nyekundu za mbwa hata akiwa mzima, na mbwa wetu huvipata kila siku kwenye ugali uliomwagiwa mchuzi uliobaki. Kumpa mchuzi huo wiki hii ni kuendeleza kazi ya nyuki.

Baada ya siku tatu usifunge daftari. Kinga ya mwili inaweza kugeuka ikaanza kuzivunja chembe nyekundu zilizoguswa na sumu, siku kadhaa baada ya kila kitu kuonekana shwari. Fizi ziangaliwe kila siku hadi wiki ya pili, na damu irudiwe mara moja mwishoni mwa wiki ya kwanza.

Ngozi ya masikio, pua na kope inaweza kuwa nyeusi na kuchubuka. Osha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, na uzuie nzi.

## Kabla nyuki hawajarudi

Aliyewahi kuumwa na nyuki wengi anaweza kupata mzio mkali kwa nyuki mmoja tu safari ijayo. Kwa hiyo kiini cha tatizo kiondolewe.

Kagua dari, mashimo ya miembe, matairi ya zamani, boksi la mita na ukuta wenye tofali la tundu. Kundi lililoning'inia tawini kama shada, bila masega, mara nyingi ni la kupita, na huondoka ndani ya siku chache likiachwa. Mhamishe mbwa tu, usilirushie mawe. Walioingia ndani ya shimo wakaanza kujenga ni wakaazi, na watalinda. Hao waite Zimamoto au mrina asali mwenye vifaa, kazi ifanyike giza likiingia, na mbwa alale kwa jirani usiku huo na siku inayofuata, mpaka nyuki waliobaki wametulia.

Mashine ya kukata nyasi, jenereta na msumeno wa mti huwachokoza kwa mtikisiko. Siku ya kufyeka, mbwa asiwe kwenye mnyororo.

Kama lazima afungwe, tumia ndoano inayofunguka kwa kubonyeza kidole kimoja, si kufuli wala waya uliokunjwa. Bandani, funga kamba ya mita tano kwenye komeo na uipitishe hadi dirisha la jikoni, ili mlango ufunguke ukivuta ukiwa ndani. Ijaribu mara moja kwa mwezi, kwa kuwa chumvi ya hewa ya pwani hukamatisha komeo kwa kutu, na kamba ya manila ikikaa juani miezi kadhaa hukatika kwa mvuto mdogo.